Mtepe Usio na Shehena

Mtepe haupo tena baharini. Chombo hiki cha visiwa vya Lamu, ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, kilitoweka kabla ya katikati ya karne ya 20, na hakuna mtepe wa kazi hata mmoja uliobaki. Anayetaka kuujua leo ana mashahidi wachache: maandishi ya wapita njia, michoro na picha za zamani, na mitepe midogo ya mfano, kama ile iliyowekwa katika Makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa. Shahidi huyu wa mwisho hudharauliwa. Huhesabiwa kuwa pambo, kitu cha kumfurahisha mtoto au kuuziwa mtalii. Nadai kwamba kuhusu namna mtepe ulivyoundwa, chombo cha mfano ndicho shahidi wetu bora. Ila kuhusu kwa nini uliundwa, shahidi huyo huyo ni bubu, na ububu wake umeanza kutupotosha. Mtepe ulikuwa chombo cha mizigo kabla haujawa fahari ya utamaduni. Sisi tumehifadhi mwili wake na kuutupa mzigo.

Tuanze na maandishi, maana ndiyo yanayopewa kiti cha mbele. Yana sifa ya ukongwe. Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unataja vyombo vilivyoshonwa kwenye pwani hii, na unasema bandari ya Rhapta iliitwa hivyo kwa sababu yao. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza faida ya kushona: chombo cha kamba kikigonga mwamba hunyumbuka, cha misumari hupasuka. Watu wa Vasco da Gama waliona kule Msumbiji mwaka 1498 vyombo visivyo na msumari, vyenye matanga ya mkeka. Richard Burton, aliyekuwa Unguja mwaka 1857, aliiandika mitepe na omo yake iliyoinuka kama shingo. Kisha kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu ya magofu ya pwani, ambayo Peter na Margaret Garlake waliikusanya na kuichapisha mwaka 1964. Yote haya yana thamani, lakini mpe fundi wa vyombo wa Matondoni, Lamu, kurasa hizo zote na umwambie aunde mtepe, atakurudishia. Burton hakuingia ngamani kutazama mataruma yalivyofungwa. Mchoro wa ukutani unampa fundi mlingoti na tanga, haumpi mkuku. Hata James Hornell, ambaye makala yake ya mwaka 1941 kuhusu mtepe na dau la Lamu bado inategemewa na kila anayeandika juu ya jambo hili, aliandika wakati chombo chenyewe kilikuwa tayari kinaelekea kuwa habari ya wazee.

Chombo cha mfano kina sharti ambalo mwandishi hana: aliyekiunda hakuweza kuruka hatua. Mwandishi anaweza kusema kwa sentensi moja kwamba mbao zilishonwa, akaendelea na habari za upepo. Fundi hana njia hiyo. Ni lazima aamue tundu litobolewe umbali gani kutoka ukingo wa ubao, kamba ipite wima au mshazari, na matundu yazibwe kwa vijiti kabla au baada ya kukazwa. Ni lazima aamue pia vigingi vinavyounganisha ukingo wa ubao na ukingo wa mwenzake viingie wapi, maana mtepe haukushikwa na kamba peke yake. Kila uamuzi unabaki pale unaonekana, na anayejua kazi ya tezo na keekee anaweza kuusoma miaka mia moja baadaye. Hesabu ndogo inaonyesha ugumu wake. Tuseme mtepe wa mita 20 umepunguzwa mara 20, ukawa na urefu wa mita moja. Ikiwa mshono wa kweli ulirudiwa kila sentimita 10, kwenye mfano utarudiwa kila milimita 5, na mstari mmoja tu wa ubao utahitaji mishono kama 200 kila upande. Kamba ya unene wa milimita 6 itakuwa milimita 0.3, yaani uzi wa cherehani. Hapo ndipo fundi hulazimika kudanganya kidogo, akatumia kamba nene kuliko inavyopaswa na mishono michache kuliko ilivyokuwa. Lakini udanganyifu wa aina hii unapimika. Atakayehesabu matundu atajua ni kipi kilichopunguzwa kwa kukosa nafasi na ni kipi kilichofuatwa kwa uaminifu.

Pingamizi la kwanza linajulikana: mitepe ya mfano iliyoundwa baada ya mtepe wa kweli kutoweka ni nakala ya nakala, kazi ya mtu ambaye hajawahi kusafiri nao. Sioni haja ya kulikanusha. Ni kweli kwamba kadiri miaka inavyosonga ndivyo omo inavyozidi kurefuka na mapambo kuongezeka, maana mnunuzi hulipia kile kinachomvutia. Husemwa kwamba omo ya mtepe ilifanana na kichwa cha ngamia wa Mtume, na kisa hicho kikishajulikana si ajabu ngamia akazidi kuwa ngamia kila anapochongwa upya. Ila pingamizi hili linatuhimiza tu tufanye kazi ambayo mwanahistoria huifanya kwa hati yoyote: kuuliza nakala hii ilitoka wapi, inakubaliana na nani, na inabadilika wapi. Hakuna anayeitupa tarehe ya Pate, yaani masimulizi ya kale ya watawala wa Pate, kwa sababu nakala zake hazilingani. Isitoshe, ufundi wa kushona haukufa pamoja na mtepe. Neville Chittick alichapisha mwaka 1980 habari za vyombo vya kushonwa vilivyokuwa bado vimesalia Somalia. Mwaka huohuo Tim Severin aliondoka Oman na chombo cha Sohar, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, akafika nacho Uchina. Kwa hiyo mshono wa mfano si neno la fundi mmoja tu; una wa kuulinganisha nao.

Wengine watasema picha inatosha. Picha za mitepe zipo, za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, nazo hazina tamaa ya kupamba. Lakini picha hupigwa kutoka ufukweni au kutoka chombo kingine. Inakupa ubavu mmoja, tanga la miyaa limekunjwa au limejaa upepo, na kibanda cha makuti. Ndani haikupi kitu, kwa kuwa mpiga picha wa zama zile hakuweza kushusha mtambo wake ngamani, mahali ambapo wenye mtepe walishinda wakifua maji yaliyopenya kwenye mishono. Picha na mfano vikae pamoja, ya kwanza ikituzuia kuamini omo iliyotiwa chumvi, wa pili ukituonyesha kilichofichwa na ubavu.

Basi kama mfano unajua yote haya, unakosa nini? Inafaa kutoka nje ya bahari kidogo. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanaotumia miaka wakijenga reli ndogo mezani, mara nyingi kwa kipimo kiitwacho HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Mwenye mchezo huo hanunui garimoshi akatosheka. Kando ya njia yake hujenga ghala la nafaka, lile pipa refu la zege au bati ambalo kwenye nchi za ngano husimama penye kituo kila baada ya vijiji vichache. Hulijenga kwa bomba la plastiki au kwa karatasi ngumu, na kwa kuwa ghala la mita 30 lingefika sentimita 34 na kuifunika meza, mara nyingi hulifupisha makusudi. Kulifupisha ni sawa, kuliondoa hapana. Anajua kwamba behewa la nafaka lisilo na mahali pa kupakia halina sababu ya kuwa pale, na kwamba garimoshi linalozunguka bure ni mwanasesere. Ghala ndilo linaloigeuza meza kuwa nchi yenye wakulima, msimu wa mavuno na bei. Mafundi wa Lamu wenye mikono mizuri kuliko wengi wa hao hawajawahi kuombwa ghala. Mteja anataka chombo. Chombo kinasimama juu ya kigingi, safi, kikavu na kitupu, wala hakuna anayejiuliza kilikuwa kinakwenda kuchukua nini.

Kilikuwa kinachukua boriti kwanza. Mitepe ilijulikana Unguja kwa kuleta miti ya mikoko kutoka kaskazini, na Erik Gilbert, katika makala yake ya mwaka 1998, aliieleza biashara hiyo kuwa ndiyo iliyokichelewesha kifo cha vyombo vya kushonwa wakati majahazi ya misumari yalikuwa yameshatawala kila mahali pengine. Hoja yake ina mantiki: mwenye mtepe hakuhitaji chuma cha kununuliwa ng'ambo. Mbao, makumbi ya nazi na miyaa ya tanga vilitoka ufukwe uleule uliotoa shehena. Miti ile haikupakiwa ovyo. Ilipangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila aina na kazi yake katika ujenzi, na ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu ukatazama juu utaiona shehena hiyo mpaka leo, boriti zimelala kutoka ukuta hadi ukuta. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake ukikaribia mita tatu tu, kwa sababu boriti haiwezi kubeba dari pana kuliko hapo. Chumba kimekatwa kwa kipimo cha mti, na mti umekatwa kwa kipimo cha chombo na cha mabega ya mpagazi. Hiyo ni habari ambayo mtepe mtupu kwenye kioo hauwezi kukupa hata ukiukodolea macho siku nzima. Korija moja ya vijiti vilivyopangwa ndani yake ingeisema papo hapo.

Kisha kuna nafaka, na hapa kimya kinakuwa kizito zaidi. Katika karne ya 19 utajiri wa Lamu haukutoka baharini peke yake. Ulitoka mashambani ng'ambo ya maji, bara, upande wa vijiji vya Hindi, Mkunumbi na kwingineko, ambako mtama, mahindi na simsim vililimwa kwa wingi. Marguerite Ylvisaker, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya Lamu ya karne hiyo, ameonyesha jinsi ardhi, biashara na siasa za mji vilivyofungamana, na jinsi mashamba ya bara yalivyokuwa uti wa mgongo wa yote. Nafaka ilivushwa kwa madau mpaka mjini, ikapimwa kwa pishi, ikawekwa ghalani ikingoja upepo, na vyombo vikaipeleka Somalia na Arabuni, nchi ambazo hazikuwa na mvua ya kutosha kujilisha. Ghala ndilo lililoshikilia kila kitu. Mavuno hayafuati kalenda ya kusi na kaskazi, na bila mahali pakavu pa kuhifadhi mtama kwa miezi kadhaa, biashara yote ingeoza pamoja na mbegu. Mara nyingi ghala lenyewe lilikuwa sehemu ya chini ya nyumba ya mawe, chini ya miguu ya wenye mji, na hapohapo chini ndipo walipolala watumwa. Watumwa ndio walioilima nafaka hiyo, ndio walioivuna na kuibeba. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1907 mashamba mengi yakarudi kuwa pori, na mji uliokuwa ukilisha wengine ukadhoofika. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika ziwani mwaka 1901, ilikuwa imeshauvuta upande mwingine uzito wa biashara ya pwani.

Ndiyo maana nasema utupu wa mfano unapotosha. Chombo kizuri kisicho na shehena kinatuachia ustaarabu wa pwani ulioundwa na mafundi, manahodha na upepo, ambamo hakuna mtu aliyebeba kanda la mtama kichwani, na hakuna aliyefanya kazi bila ujira. Si kosa la fundi. Yeye aliagizwa chombo akaunda chombo. Lakini makumbusho yakichukua kazi yake na kuifanya kuwa historia ya Lamu, kile alichokiacha nje kwa sababu ya bei na nafasi kinakuwa kimeachwa nje ya kumbukumbu pia. Nyumba za mawe zilizosababisha Mji wa Kale wa Lamu uingizwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 husifiwa kwa milango na vidaka vyake. Ghala la chini halina nakshi, kwa hiyo halina wa kulipiga picha.

Kuna atakayejibu kwamba nautwika mtepe mdogo mzigo usio wake, na kwamba chombo cha mfano kina haki ya kuwa kizuri tu. Haki hiyo anayo mnunuzi na anayo fundi. Sidhani makumbusho yanayo. Jibu jingine, zito zaidi, ni kwamba tatizo ni udogo: unda mtepe wa ukubwa wa kweli na historia yote itarudi. Jambo hilo limejaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe mkubwa uliundwa Unguja na kuwekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, na ilikuwa kazi ya kustahiki kila sifa, kwani ilivifundisha vidole vya watu walio hai mambo ambayo vitabu vilikuwa vimeshindwa kuyasema. Oman ilifanya vivyo hivyo kwa chombo cha Jewel of Muscat, kilichoshonwa kwa kufuata mabaki ya meli ya karne ya 9 yaliyopatikana karibu na kisiwa cha Belitung, kikasafiri mpaka Singapore mwaka 2010. Lakini mtepe wa Beit al-Ajaib nao ulisimama ukumbini bila korija ya boriti. Ukubwa ulirudisha mwili, si kazi. Kisha tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka wakati wa ukarabati, watu wakapoteza maisha.

Ukitaka kuona hali hii imefika mbali kiasi gani, tazama chombo cha Flipflopi, kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kikapambwa kwa vipande vya kandambili, na kusafiri mpaka Unguja mwanzoni mwa mwaka 2019. Kina mafundi hodari na lengo jema la kupiga vita taka za baharini, na kwa kazi yake hiyo ni chombo cha haki kabisa. Shehena yake ni ujumbe. Hakuna ubaya, ila ni ajabu ya kuitafakari kwamba katika visiwa vilivyokuwa vikipakia mtama na boriti, safari ya jahazi iliyojulikana zaidi duniani katika miaka hii ilikuwa ya chombo kisicho na mzigo wa kuuza. Boriti zenyewe zilipigwa marufuku kusafirishwa nje ya Kenya mwaka 1982, kwa sababu za kuihifadhi mikoko ambazo ni za msingi, na tangu hapo majahazi ya Lamu yamezidi kubeba wageni.

Kwenye Ghuba ya Manda, gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021. Mpango mzima wa LAPSSET, ambao bandari hiyo ni sehemu yake na uliozinduliwa rasmi mwaka 2012, unaahidi pia reli ya kuelekea Isiolo, Sudan Kusini na Ethiopia. Reli hiyo bado haijajengwa. Fundi wa mifano akiombwa leo kuunda Lamu ya mezani, angekuwa na gati bila njia ya garimoshi, na jahazi bila shehena. Mimi ningemshauri aanze na kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kumwagiza: chumba chembamba cha chini chenye upana wa boriti moja, makanda ya mtama yaliyopangwa mpaka karibu na dari, pishi mlangoni, na watu wanaoyabeba kuyashusha pwani, kila mmoja akiwa na uso wake. Hayo yakishakaa mahali pake, mtepe utajulikana unapaswa kuegeshwa wapi, omo ikitazama nje, na ngamani mwake kuna nini.